Barua kwa mdogo wangu aliyeondoka na pini ya mhimili

Mdogo wangu,

Mhimili wa mbele umerudi chini ya trekta tangu Jumamosi, ingawa kwa sasa umeshikiliwa na bolti ya kuazima. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu shangazi wa Pongwe husoma ninachoandika na najua atakufikishia. Naanza na habari za chuma, maana hizo zamani tuliweza kuzizungumza hata siku ambazo salamu zenyewe zilikuwa nzito.

Lile boksi la stelingi ulilolilaumu miaka yote miwili halikuwa na kosa kubwa. Ulisema usukani unazunguka karibu robo nzima kabla magurudumu hayajaitika, na katika hilo ulikuwa sahihi. Ulikosea tu kudhani kwamba mchezo wote, yaani ule ulegevu, unatoka mahali pamoja. Nilipofungua kila kitu niliukuta umejigawa: kidogo ndani ya boksi, kidogo kwenye vichwa vya tairodi, zile fito zinazogeuza magurudumu, kidogo kwenye kingi pini zote mbili, ambazo magurudumu hugeukia, na mwingi kuliko wote kwenye tundu la katikati, pale mhimili unaponing'inia kwa pini moja. Trekta hili dogo la bustani, Cub Cadet ya kwanza kabisa, International Harvester waliliunda kule Louisville, Kentucky, hadi mwaka 1963. Chombo cha umri huo, kilichokaa kwenye banda la mjane wa Ohio bila grisi, hakiwezi kuwa na ugonjwa mmoja.

Ndani ya boksi lile la stelingi, lililotengenezwa na Ross, mna shafti yenye mfuo unaozunguka kama wa skrubu, na pini ya wenzo hutembea ndani ya mfuo huo. Waliuchonga ubane zaidi katikati, magurudumu yanapotazama mbele, kwa kuwa hapo ndipo usukani hukaa muda mrefu na ndipo hulika kwanza. Kwa hiyo hukazwa magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukikaza yakiwa yamekata kona, utaona mchezo umekwisha, kisha ukinyoosha usukani unakwama, na ukiulazimisha unaila pini. Wewe uliukaza magurudumu yakiwa yamekata kona. Nilikuona, sikusema neno, na usiku ulipolala nilishuka bandani nikalegeza. Asubuhi ulifurahi ukasema umeupatia, nami nikakuacha ufurahi. Sijui kama hilo lilikuwa jema, lakini lilifanywa kwa mapenzi, na nataka ulijue leo.

Baba asingehitaji kufungua chochote. Unakumbuka alivyokuwa akiinyanyua kwa jeki ile Massey Ferguson 135 ya shamba la mkonge, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa, halafu akalishika kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama beringi na kingi pini. Likicheza pembeni, tazama tairodi. Kisha alitia gogo chini ya mhimili akaubinua huku akiitazama pini ya katikati, kwa sababu mhimili wa 135 nao hubembea kwenye pini moja, ili gurudumu moja lipande tuta na jingine libaki ardhini. Sisi wawili tulijifunza kwake, tukiwa tumeshika taa. Ndiyo maana nilishindwa kuelewa, na mpaka sasa nashindwa, jinsi ulivyoweza kusimama mbele ya pini iliyoganda ukachagua nyundo.

Chuma cha kusubu, kile mafundi wetu wanachokiita kasti, hakipindi, hupasuka. Pini iliyoshikwa na kutu ndani yake hulowekwa mafuta, huachwa usiku kucha, hupashwa moto taratibu kuzunguka tundu, halafu husukumwa kwa presi. Nilikuambia tungoje hadi kesho yake. Wewe ulikuwa umekwisha kuuweka mhimili juu ya matofali mawili, na nyundo ya kilo nne mkononi.

Simu ililia ikiwa saa tatu kasoro usiku. Nilizungumza nikiwa nimesimama mlangoni pa banda, na uliyasikia majibu yangu. Najua uliyasikia, kwa sababu uliishusha nyundo na uso wako ukabadilika. Nikakuambia Mama ametutoka. Ukanitazama, kisha ukaitazama pini, ukasema, "Ngoja kwanza nimalize hii." Ukapiga. Ukapiga mara ya pili na ya tatu, na mimi nimeishika simu ikiwa bado ina sauti ya shangazi ndani yake. Pini ilitoka ikaanguka kwenye vumbi la mbao, nawe ukainama ukaiokota, ukaifuta kwa shati lako, pande zote, polepole, kama mtu anayefuta kikombe. Ndipo ukakaa chini.

Watu wameniambia huzuni ina njia nyingi za kumpitia mtu, nami naamini. Nimejaribu kukuona kama mtu aliyehitaji kitu kimoja kitii mikono yake usiku ule. Lakini maneno yale bado yananiamsha. Mama alizikwa kesho yake alasiri, bila wewe na bila mimi, na la mwisho lililosemwa mbele ya habari yake katika nyumba yetu lilikuwa habari ya pini.

Ufa niliuona baada ya wewe kusafiri. Ni mwembamba kama unywele, unaanzia ukingoni mwa tundu na kwenda kushoto kiasi cha upana wa vidole viwili, na sina shaka kwamba ulitokana na yale mapigo ya baada ya simu. Niliuziba hivi, na wewe mwenye mikono yako uyashike haya, maana yatakufaa hata kwa kasti ya jenereta. Kwanza nilitoboa kijitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Nikaufungua kwa jiwe la kusagia ukawa mfereji wa V. Nikaupasha moto mhimili mzima, wala si mahali pa ufa peke yake, nikachomelea kwa fimbo ya kulehemu ya nikeli vipande vifupi vya inchi moja moja, na kila kipande nilikigonga kwa nyundo ndogo kikiwa bado cha moto ili kisivutane na mwenzake kinapopoa. Mwisho niliufukia kwenye pipa la majivu makavu, nikauacha humo mpaka siku ya pili. Haraka ya kupoza hupasua kazi uliyoimaliza vizuri.

Tundu lenyewe lilikuwa limekuwa yai. Nililipeleka kwa mkerezaji akalirudisha kuwa duara, tukashindilia bushi ya bronzi, yaani bomba fupi la kukalia pini, nami nikatoboa mahali pa nipeli ya grisi. Ule mfereji wa fremu unaobeba mhimili ulikuwa umeachana, mhimili ukawa unatembea mbele na nyuma. Nimeubana kwa washa nyembamba, vile visahani vya chuma vyenye tundu, pande zote mbili. Magurudumu nimeyapanga kwa uzi na chaki, mbele yakaribiane kuliko nyuma kwa milimita 3.

Spindeli zako nene za inchi 1, vile vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele, sikuziweka. Najua ulizinunua kwa pesa yako, na najua hoja yako, kwamba ukifunga jembe la theluji mbele, spindeli za asili zitapinda. Lakini ili ziingie ingebidi masikio ya mhimili yapanuliwe, na ukuta wa kasti unaobaki ungekuwa mwembamba mno kwa mhimili uliokwisha kupasuka mara moja. Nimekereza bushi mpya za kingi pini, nimebadilisha vichwa vya tairodi, basi. Trekta hili ni la mchicha na kunde. Kama ungeniuliza ningekuambia hivyo, na usingekubali, na pengine ndiyo sababu hatukuulizana.

Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Siku ya khitma uliwaambia mashangazi kwamba kaka amebaki Ohio na trekta lake. Wewe unajua karatasi zangu zilikuwa wapi. Unajua kwamba ningetoka nisingerudi, na watoto wangu wapo huku. Nauli iliyokufikisha Tanga siku ya tatu ilitoka kwenye mchicha niliouza misimu miwili, mashamba niliyoyalima kwa trekta hilohilo, usukani ukicheza robo nzima, mabega yakiniwaka. Sikukutajia nauli hata mara moja, na leo naitaja mbele ya watu nisiowajua, na naona haya. Lakini ulikuwepo ulipokuwa unahitajika kusema kweli moja ndogo, hukuisema. Mimi nami sikuwahi kukuambia kwamba usiku ule, ulipokaa chini, nilitaka kukaa karibu nawe. Nilibaki mlangoni kwa sababu nilikuwa na hasira, na tangu hapo sijajua jinsi ya kuondoka mlangoni pale.

Shangazi ameniambia kwamba uliichukua ile pini ya zamani kwenye begi, na kwamba kabla ya arobaini ulikwenda kwa yule mzee mkerezaji aliyekuwa rafiki wa Baba, ukamkerezesha mpya. Anasema imo kwenye kabati la Mama, imepakwa grisi na kufungwa katika gazeti. Aliponiambia nilikasirika tena, kisha hasira ikaniishia nikiwa bado nimeshika simu.

Bolti niliyoiweka sasa haifai kukaa pale. Meno yake yataila bushi katika wiki chache, kwa hiyo trekta sijaliendesha. Bushi nimeiacha ikiwa na tundu dogo kuliko inavyotakiwa, na rima, chombo cha kupanulia tundu, ninayo tayari, lakini sitaipanua mpaka nijue mzee aliikereza pini kwa kipenyo gani. Ipime sehemu tatu, katikati na karibu na kila ncha, kwa milimita, hadi desimali mbili, uitoe grisi kwanza. Niandikie tarakimu hizo tu, kama hutaki kuandika kingine.

Kaka yako