Mdogo wangu, ule mmea sikukuletea

Mdogo wangu mpendwa,

Siku uliyonisindikiza stendi pale Tanga uliniomba kitu kimoja: nikifika Marekani nikutafutie ule mmea unaokamata nzi, nikuletee japo mche mmoja uuoteshe kwenye makopo yako ya barazani. Nimerudi mikono mitupu. Nakujibu hadharani kwa kuwa na wenzako waliniomba hivyo hivyo.

Niliuona. Kwa Kiingereza wanauita Venus flytrap. Madukani upo nchi nyingi, lakini asili yake ni majimbo mawili tu, Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, kwenye ukanda wa pwani jirani na mji wa Wilmington. Mwenyeji wangu alinipeleka Green Swamp, hifadhi ya kinamasi huko Carolina Kaskazini. Nilitegemea msitu wa giza. Nikakuta misonobari mirefu iliyoachana, jua linafika hadi chini, mchanga mweusi uliolowa, na magome yamejaa masizi. Nikadhani kumetokea janga la moto. Kumbe huchomwa makusudi kila baada ya miaka michache. Pasipo moto vichaka huufunika mmea ukafa kwa kukosa jua. Moto ukipita, majani huungua, lakini shina lililo chini ya udongo huchipua tena.

Tuliupita mara mbili bila kuuona, jinsi ulivyo mdogo. Ilibidi nichuchumae. Jani huishia kwa vipande viwili vyenye ncha kama kope za jicho, ndani vyekundu, na kila kimoja kina vinyweleo, aghalabu vitatu. Mdudu akigusa mara moja, mtego hautikisiki. Akigusa tena ndani ya sekunde kama 20, unafumba. Akizidi kutapatapa humo ndani, ndipo mmea humwaga maji ya kummeng'enya, kazi ya siku kadhaa. Na ingawa wanauita mtego wa nzi, huko porini hula zaidi sisimizi na buibui. Mchanga ule hauna naitrojeni ya kutosha, kirutubisho ambacho mimea hukihitaji ili ikue, basi wadudu hao ndio mbolea yake.

Niliokota unyasi nitekenye mtego mmoja. Mwenyeji akanishika mkono: kila mtego hufumba mara chache tu kisha hunyauka, na kuufumbisha bure ni kuupotezea nguvu. Nikautupa unyasi, nikakaa kumngoja sisimizi. Alikuja mmoja, akazunguka ukingoni, akashuka zake. Nilikaa karibu nusu saa, na ndiyo nusu saa niliyoipenda kuliko zote za safari ile.

Watu huing'oa hii mimea usiku wakaiuze. Tangu tarehe 1 Desemba 2014, huko Carolina Kaskazini kuiiba ni kosa kubwa la jinai. Ila hata ningeruhusiwa, nisingekuletea. Huo mmea unahitaji miezi ya baridi ujipumzishe kila mwaka. Joto la Tanga lisiloisha lingeuchosha taratibu mbele ya macho yako, nawe ungejilaumu kwa kutoumwagilia vizuri.

Nimewaza jambo jingine. Kwenye vinamasi vya hapa kwetu Tanzania kuna mimea ya jamii ya Utricularia. Juu utaona ua dogo tu, mara nyingi la njano. Chini ya maji kuna vifuko vidogo mno vinavyofyonza vidudu kufumba na kufumbua. Hiyo tutaiangalia papo hapo ilipo. Nakuja mwezi ujao. Nitafutie mabuti ya mvua, namba 42.

Kakako