Vanishi na vyeti vya majengo ya kijani

Mhariri,

Karakana yangu ipo Nsambya, Kampala, ambako kwa miaka mingi tumepaka milango ya mvule vanishi inayochanganywa na thina, ambayo hutuwasha macho na kutuumiza kichwa hata tukifungua madirisha yote. Hivi karibuni mteja aliagiza milango ya jengo linaloombewa cheti cha EDGE, nami nikadhani nitalazimika kutumia vanishi ya maji. Sivyo. Cheti hicho, kilichobuniwa na IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia, hudai jengo liokoe walau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya kaboni inayotolewa hewani wakati wa kutengeneza vifaa vyake. Mvuke wa vanishi haumo katika hesabu hiyo. Cheti cha LEED cha Marekani, nacho cha majengo ya kijani, kwa upande wake hutoa alama kwa rangi na vanishi zinazotoa kemikali chache hewani.

Nakiri kwamba vanishi ya maji, ambayo sasa naitumia hata hivyo, ina usumbufu wake, kwani huinua nyuzi za mbao, hivyo mpako wa kwanza ukikauka sharti upigwe msasa laini, na majira ya mvua hukauka polepole. Lakini brashi huoshwa kwa maji, na mwanagenzi wangu hafungi tena kitambaa puani.

Nawaomba wasanifu majengo waitaje aina ya vanishi katika nyaraka za zabuni, kwa sababu fundi akiachiwa uchaguzi atanunua ya bei nafuu, nami nikiwemo.

Fundi seremala,
Nsambya, Kampala