Stetimenti ya M-Pesa ndani ya kijitabu cha mazishi

Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa saiba, duka la kompyuta za kukodi na kuprinti, hapa Kondele, Kisumu, huu mwaka wa sita, na nimechoka kusikia watu wakisema sisi wa saiba ni wezi wa karatasi. Mteja anakuja kuprinti ukurasa mmoja, zinatoka tatu, mbili za rangi na moja imekatwa maneno ya chini, anaona tu ni njama ya kumtoza zaidi. Na sisi nasi badala ya kumweleza tunamwambia "printa inasumbua leo" kana kwamba printa imeamka vibaya. Wacha niseme ukweli leo, maana mimi mwenyewe nishaaibika.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Watu wa huku wanaijua Alhamisi ya saiba, hiyo ndio siku ya vijitabu vya mazishi, mwili unatoka mochari Ijumaa, mazishi ni Jumamosi, na familia inakutumia picha kwa WhatsApp saa kumi na moja wakitaka kopi mia moja hamsini kabla hujafunga. Tuko na kompyuta saba na printa mbili, moja ni leza ya rangi, hiyo trei yake ya pili tunaweka karatasi nzito ya kung'aa, ingine ni nyeusi tu ya kazi za kila siku. Basi ile ya rangi inatema vijitabu, naituma ishirini ishirini ili isipate joto sana, mkononi niko na stepla, mdomoni nabishana na shemeji wa marehemu kuhusu balansi, na pale kompyuta ya nne kuna kijana wa boda anatoa stetimenti ya M-Pesa apeleke kwa watu wa mkopo wa pikipiki. Akabonyeza print. Ikaingia kwa ile ya rangi, kwa ile karatasi ya kung'aa, katikati ya ishirini zangu na ishirini zingine. Nikampa kurasa zake nikaomba radhi, moja ikabaki kwa rundo, nikaikunja na zingine nikapiga stepla.

Jumamosi simu ikalia. Kumbe kwa hema huko mtu alifungua kijitabu afuate wasifu, baada tu ya picha ya mzee akiwa na koti akakutana na kutoa 500, mkopo wa Fuliza, bando, na nambari za watu kumi na wangapi. Kikapitishwa mkono kwa mkono. Mjane ndiye alicheka wa kwanza, akasema mzee wake hakuwa hata na simu. Yule wa boda hakucheka, na hakuwa na sababu ya kucheka.

Bosi akasema tununue printa ya tatu. Nikamwambia bosi, hata ukinunua kumi, kazi itaendelea kupotea njia kama kompyuta haijaambiwa ipeleke wapi.

Sasa shida iko hapa. Windows, kuanzia ile ya 10 toleo la mwisho wa 2015 hadi hii ya 11, iko na kitu kinaitwa "Let Windows manage my default printer", na ikiwa imewashwa, printa difolti, yaani ile kazi inaenda kwake kama hujachagua ingine, inakuwa ile iliyotumika mwisho. Kwa laptop ya mtu mmoja ni sawa. Kwa kompyuta ya saiba ni balaa, kwa sababu aliyekaa kabla yako alitoa picha ya pasipoti kwa ile ya rangi, wewe ukija na barua yako ya chifu inaelekea huko huko. Nenda Settings, kwa printa, uzime hicho kitu halafu uchague difolti mwenyewe. Na usifikiri umemaliza, Chrome nayo iko na kumbukumbu yake, inakuletea printa iliyochaguliwa mara ya mwisho, kwa hivyo macho yaangalie jina lililo juu ya dirisha la kuprinti kabla kidole hakijabonyeza.

Dawa yenyewe ambayo wengi hawajui ni hii: printa moja inaweza kuwekwa kwa kompyuta mara mbili au tatu, kila mara kwa jina lingine. Unaiongeza tena kwa poti ile ile, kwa draiva (programu ya kuiendesha) ile ile iliyoko, unaipa jina jipya. Sisi sasa kwa skrini tuko na NYEUSI KAWAIDA, NYEUSI MBELE NA NYUMA, RANGI KAWAIDA, RANGI GLOSI. Printa mezani ni mbili tu lakini majina ni manne, na kila jina limefungiwa trei yake na aina yake ya karatasi. Mteja hahitaji kujua trei ni nini, anasoma jina.

Hapo kuna mtego ambao ulinipotezea siku mbili nzima. Ukibonyeza "Printing Preferences" unabadilisha mambo ya yule yuza uliyeingia naye pekee, mwingine akiingia na akaunti ingine anakuta vile ilivyokuwa. Kwa kompyuta ya watu wengi unaenda "Printer properties", sehemu ya Advanced, unafungua "Printing Defaults", hiyo ndio inakuwa msingi wa kila mtu. Mimi nilikuwa naweka trei kwa Preferences nikiwa na akaunti yangu, nafurahi, nageuka nyuma mteja ameprinti cheti cha PIN ya KRA, watu wa kodi, kwa glosi! Na ukitaka usalama zaidi kuna sehemu ya Security pale pale, unatoa Everyone, yaani kila mtu, kwa ile RANGI GLOSI unaacha akaunti ya mhudumu tu. Mteja akitaka glosi ananiambia mimi.

Wenye kutumia Linux, kuna mwalimu rafiki yangu wa maabara ya shule huko Kakamega ameweka, wao wanatumia CUPS, programu yao ya kusimamia printa, unafungua kwa brauza localhost:631 na unafanya mambo yale yale, foleni kadhaa (ndio kama yale majina yangu) kwa printa moja, kila moja na karatasi yake. Anasema ni rahisi kuliko yangu. Sibishani naye.

Kuna wenye saiba watasema mambo ya aina ya karatasi ni madoido tu. Si madoido. Leza inayeyusha tona, ule wino wake wa unga, kwa joto, karatasi nzito ikipita na kompyuta inadhani ni ile ya kawaida ya gramu 80, haipunguzi mwendo, tona haishiki vizuri, unapangusa na kidole sura ya marehemu inabaki kwa kidole. Na ile glosi ya printa za wino usithubutu kuiweka kwa leza, ile ngozi yake inaweza kuyeyuka ijizungushe kwa rola la moto ndani, hapo unatafuta fundi na pesa ya fundi.

Halafu kuna hii ya Letter. PDF nyingi zinatoka kwa programu za Kimarekani zikiwa saizi ya Letter, milimita 216 kwa 279, na sisi karatasi yetu ni A4, 210 kwa 297. Printa inasimama, inawasha taa ya njano, inangoja karatasi ambayo Kisumu yote sijawahi kuiona dukani, na nyuma yake kazi za watu wengine kumi zimepangana. Mteja naye anaona haijatoka anabonyeza tena. Na tena. Ukiipa A4 kwa nguvu zinatoka zote kwa mpigo, na ndio zile kurasa tatu za mtu aliyetaka moja. Weka A4 kwa Printing Defaults, na kwa dirisha la PDF uchague "Fit", yamekwisha.

Fomu ya C24, ile ya alama za vidole ya cheti cha maadili mema, ndio hunipa kesi nyingi, kwa sababu inatakiwa karatasi moja mbele na nyuma. Ikitoka karatasi mbili mtu anarudishwa dirishani kwa DCI, wale wapelelezi wa polisi, na foleni alipanga tangu asubuhi, anarudi kwangu na hasira ya DCI nzima. Ndio maana ile NYEUSI MBELE NA NYUMA ipo, na nimeiandikia C24 kwa marka kwa kibandiko juu ya skrini.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni karatasi zilizoharibika zinaenda wapi. Nilinunua mandazi stendi juzi, nikafungiwa kwa karatasi iliyo na jina kamili la mtu, nambari ya kitambulisho na PIN yake, ukurasa mzima, mafuta tu ndio yamefika pembeni. Hiyo ilikuwa kazi iliyoenda kwa printa isiyo yake, ikatupwa kwa boksi, boksi likauzwa kwa mama wa mandazi. Pengine si letu, pengine ni letu la zamani. Tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019 lakini kwa boksi la chini ya kaunta sheria haijafika, kwa hivyo mimi nazichana vipande vinne kabla ya kufunga, na mama wa mandazi amenuna.

Wenzangu wa saiba, hayo majina manne, ukitoa zile siku mbili za mtego, yalinichukua saa moja na hayakununuliwa. Na nyinyi wateja, kabla ya kubonyeza soma jina la printa, ukiona halieleweki uliza. Ikitoka kwa karatasi ambayo hukuomba usilipe, ya kwetu ni kurudia bure na kukupa ile mbovu uondoke nayo.

Mhudumu wa saiba,
Kondele, Kisumu