Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Abiria wa bara anapotea kati ya reli na boti

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,

YAH: ABIRIA WA MIKOANI WANAOKWENDA BANDARI YA BOTI ZA ZANZIBAR, DAR ES SALAAM

Pokea salamu kutoka Morogoro. Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi, na kila nilipoliulizia kwa mdomo nimeelekezwa ofisi nyingine.

Nianze na shukrani, nazo ni za dhati. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatutoa Morogoro hadi Dar es Salaam kwa saa mbili hivi, na tangu Julai mwaka huo wenzetu wa Dodoma nao wanaifaidi. Kwa nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa wakati huo, Sh13,000 kutoka kwetu na Sh31,000 kutoka Dodoma, mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara mdogo wanaweza kusafiri bila kukopa. Sisi tuliozoea kukaa foleni ya Kibaha na Mbezi mpaka mtoto anamaliza maji yote ya safari, tunajua tumetolewa wapi.

Baharini nako mambo ni mazuri. Boti ziendazo kasi huvuka hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Ukijumlisha, mtu aliyekunywa chai yake Kihonda, hapa Morogoro, asubuhi alipaswa awe Darajani, Unguja, alasiri, tena hajachoka. Hesabu hiyo inaharibika katikati, Mheshimiwa, ndani ya jiji, katika kipande ambacho hakifiki hata kilomita mbili.

Stesheni ya SGR, yaani ya treni hiyo ya umeme, na bandari ya boti ziko jirani. Zote zinaitegemea Barabara ya Sokoine. Ukitoka stesheni ukaipita ile stesheni kongwe ya reli ya kati, ukaendelea mbele huku ukuta wa bandari ukiwa upande wako wa kulia, utafika kwenye lango la boti, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kijana asiye na mzigo anatembea bila shida. Lakini abiria wa Zanzibar anayetoka bara mara nyingi si huyo. Ni mama mwenye mtoto mgongoni na kiroba cha mchele wa Kilombero anachompelekea binti yake aliyeolewa Unguja. Ni mzee mwenye fimbo anayewahi maziko. Ni vijana wetu wanaokwenda kutafuta kazi za hoteli Nungwi na Paje, wengi wao hawajawahi kuiona bahari, na begi lililobeba kila walicho nacho. Upande wa kurudi wapo wagonjwa wa Unguja na Pemba waliopewa rufaa ya kwenda Muhimbili au Ocean Road, wanashushwa pale pale langoni na kuachwa wajue wenyewe.

Huyu mama wa mchele akitoka nje ya stesheni anakutana na kelele. Mmoja anamvuta mkono, mwingine keshanyanyua kiroba, wa tatu anamwambia boti imebaki na nafasi mbili tu. Anayetaka kumpakia kwenye gari anamtajia nauli ya umbali asioujua, kwa hiyo hawezi hata kupatana. Sijaona kibao kikubwa mlangoni kinachomwambia kwamba bandari iko hapo mbele, mkono ule, kwa mwendo wa dakika kadhaa. Mabasi yaliyopo yamepangwa kwa faida ya mkazi wa jiji anayerudi Kimara, Mbezi au Mbagala, na ni haki yake. Ila sijaona basi linaloisubiri treni huku dereva wake akijua boti inayofuata inaondoka saa ngapi.

Anayekuja kwa basi ana safari ndefu zaidi mjini. Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis kilitusaidia kuondoa mabasi ya mikoani katikati ya jiji, sina ugomvi nacho. Lakini mtu wa Iringa, Mbeya au Singida akishushwa pale bado ana zaidi ya kilomita ishirini za kwenda. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ndiyo njia nzuri kwake, na kituo kinachomfaa kipo: Posta ya Zamani. Tatizo hakuna anayemwambia. Anaambiwa tu apande la Kivukoni, naye anakaa mpaka mwisho wa safari. Anateremka kwenye umati wa soko la samaki na watu wa Kigamboni, anafuata mkondo wa watu, na anastuka yuko kwenye foleni ya pantoni la Magogoni liendalo Kigamboni huku boti yake inang'oa nanga upande mwingine. Hili ni kosa la kila siku kwa wageni, na linaondolewa kwa vibao na kwa sauti ya dereva. Abiria wa Lindi na Mtwara anayeshuka Mbagala ana mkasa wake unaofanana na huo.

Masika yakija, mto Msimbazi unapojaa na barabara ya Jangwani kufungwa, hata njia hiyo moja inakatika. Najua serikali ina mradi wa daraja jipya la Jangwani, na nalisubiri kwa hamu. Lakini katika siku hizo abiria wa boti anakosa hata tangazo. Angelipata akiwa bado Mbezi, angebadili njia mapema.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu tiketi, kwa sababu hapo ndipo usumbufu unapogeuka hatari.

Abiria aliyechelewa, au asiyejua dirisha liko wapi, ndiye riziki ya vishoka. Anaambiwa madirisha yamefungwa, boti imejaa, ila ipo tiketi ya mtu aliyeahirisha. Ananunua kwa bei ya juu karatasi yenye jina la mtu mwingine. Akikaguliwa vizuri langoni, jina la tiketi halilingani na la kitambulisho, anarudishwa, na pesa imekwenda. Huo ni msiba mdogo. Ukaguzi ukilegea siku ya msongamano, anapanda. Anavuka bahari akiwa ameandikwa kwa jina lisilo lake.

Mheshimiwa, nchi hii ilishalipa gharama ya orodha za abiria zisizo sahihi. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mpaka leo watu wanabishana juu ya idadi ya waliokuwemo, kwa kuwa walipanda wengi kuliko walioandikwa. Hata mwaka haukutimia. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit iliondoka Dar es Salaam, bandari hiihii ninayoizungumzia, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Zipo familia za bara na visiwani ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika. Boti za leo ni bora kuliko zile, ukaguzi umeongezeka, kudai kitambulisho ni hatua kubwa. Lakini orodha ya majina ni kweli tu pale abiria alipokata tiketi yake mwenyewe, kwa utulivu, kwa jina lake. Kila anayesukumwa mikononi mwa kishoka kwa sababu ya haraka na kutojua anaitoboa orodha hiyo. Ndiyo maana sikubali tukiambiwa kwamba shida ya kufika bandarini ni ya starehe tu.

Meli kubwa za kitalii zinapofunga gati Dar es Salaam, tunaona jinsi jambo hili linavyowezekana. Mabasi yanapangwa tangu kabla meli haijafika, kuna mtu ameshika kibao, kila mgeni anajua anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Wageni wale wanastahili mapokezi hayo na nchi inayahitaji mapato yao. Nasema tu kwamba ujuzi huo tunao ndani ya bandari ileile, na mama wa Kilombero ni abiria kama wao.

Nimejiuliza kwa nini kipande hiki kidogo kimebaki hivi wakati vikubwa vimejengwa. Jibu nililolipata ni kwamba hakina mwenyewe. Treni ni ya Shirika la Reli (TRC) na kazi yake inaishia mlango wa stesheni. Bandari ni ya Mamlaka ya Bandari (TPA) na kazi yake inaanzia langoni. Usalama wa boti uko TASAC, shirika la mambo ya meli, nauli za mabasi na treni ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwendokasi iko kwa wakala wake, DART, chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na taa na vibao vya barabarani vina ofisi zake. Kila mmoja akiulizwa atasema kweli kwamba eneo lake liko sawa. Lakini ukiitazama orodha hiyo, Mheshimiwa, nne za kwanza ziko chini ya wizara yako. Huhitaji sheria mpya. Unahitaji kuziita mezani na kumpa mmoja wao dhamana ya kipande hiki, kwa jina na kwa maandishi, ili sisi abiria tujue wa kumuuliza.

Reli na bandari zimezaliwa pamoja katika jiji hili. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, waliianzia Dar es Salaam kwa sababu ya bandari. Shehena imehesabiwa tangu siku hiyo: mzigo unajulikana unatoka kwenye behewa na kuingia melini kwa njia gani. Naomba abiria naye apangiwe hivyo.

La kwanza ninaloliomba ni basi dogo la kuzunguka kati ya stesheni na lango la boti, linaloondoka kila treni inapofika na kila boti inaposhusha, nauli yake ikiwa imeandikwa ubavuni. Njiani, kando ya Sokoine, pawe na njia ya miguu iliyonyooka, isiyovamiwa na magari, yenye taa na kivuli, inayopitika kwa kiti cha magurudumu. Gharama yake haiwezi kufananishwa na kilomita moja ya reli mliyotujengea.

La pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni tiketi. Wekeni madirisha ya boti ndani ya stesheni za Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, na pale Kituo cha Magufuli. Najua tiketi zinanunuliwa kwa simu, nami nanunua hivyo. Lakini wapo wengi ambao simu zao ni za kitochi na hawataki kutuma pesa wasipoona uso wa mtu. Mkifika mbali zaidi, iwepo tiketi moja ya treni na boti. Abiria aandikwe jina mara moja tu, Morogoro, akiwa ametulia na kitambulisho chake mkononi. Kishoka wa Sokoine atakuwa hana cha kumuuzia.

Tiketi hiyo iambatane na kanuni ya haki: treni ikichelewa, abiria mwenye tiketi ya boti ahamishiwe boti inayofuata bila kutozwa. Hivi sasa hasara yote ni yake. Akikosa boti ya mwisho ya alasiri anatafuta gesti Kisutu au Kariakoo kwa pesa ambayo hakuipangia, au anakesha na mizigo yake barazani. Na ile boti ya saa moja asubuhi haiwezi kuwa yake kabisa asipolala mjini, kwa hiyo ningependa TRC na wenye boti wakae wazilinganishe ratiba zao, angalau treni ya kwanza kutoka bara na boti ya mchana.

Wapagazi nao wasifukuzwe. Ni watu wanaotafuta riziki kwa mgongo wao na tunawahitaji. Wapewe sare zenye namba, bei ya kubeba mzigo mmoja ibandikwe ukutani, na abiria ajue wa kumlalamikia. Wengi wao watafurahi, kwa sababu jina lao linachafuliwa na wachache.

Vibao ni kazi ya wiki chache: Mbezi, Mbagala, stesheni, na ndani ya mwendokasi, vyenye maneno machache ya Kiswahili na mchoro wa boti. Dereva akikaribia Posta ya Zamani atangaze kwamba wanaokwenda Zanzibar washuke hapo.

Msongamano mkubwa huja kabla ya Idi na katika wiki za mwisho za Desemba, watu wanapokwenda na kurudi makwao kwa wakati mmoja. Naomba basi dogo, vibao na sare za wapagazi viwe tayari kabla ya sikukuu inayofuata, na kuhusu madirisha na tiketi ya pamoja tupewe tarehe. Majibu yako yabandikwe stesheni na bandarini, yakitaja ofisi iliyopewa dhamana na namba ya simu inayopokewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa Kihonda, Morogoro