Unga wa homoni usizidishwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa kilimo aliyeshauri kwamba kipandikizi, yaani tawi lililokatwa ili lipandwe, kikigoma kutoa mizizi, kichovywe tena kwenye unga wa homoni, tena mwingi zaidi. Mimi ni mama wa kitalu, kukata matawi ndiyo kazi yangu, na ushauri huo utawaozeshea watu miche.

Homoni hiyo ni oksini. Mmea huitengeneza wenyewe kwenye macho, yaani vichomozo vya machipukizi, na kwenye majani machanga, ikashuka na shina. Ukikata tawi, inajikusanya chini penye jeraha. Hapo seli za jirani na mishipa ya chakula huacha kazi yake ya awali zikaanza kujenga mzizi. Unga wetu mara nyingi huwa na IBA, oksini isiyoharibika upesi kama ile ya asili.

Sasa sikilizeni. Oksini nyingi inatakiwa mwanzoni tu. Mzizi ukishaanza, wingi ule ule unauzuia kurefuka. Ukirudia kuchovya unaweza kuambulia uvimbe mnene chini ya tawi, mzizi hakuna, na macho ya juu yamedumaa.

Na kuna tawi lisilotaka tu, hata ulibembeleze. Mti mzee hutoa mizizi kwa shida kuliko mche mchanga wa aina ile ile. Ukate mti mama chini, uache uchipue, kisha uchukue machipukizi hayo. Mierebi mingi, kwa upande wake, haihitaji unga: vianzio vya mizizi vimo ndani ya shina kabla ya kisu kufika.

Mwandishi alidai pia kuwa mzizi hauishi bila mmea. Mwaka 1934, Mmarekani Philip White alionyesha kuwa ncha za mizizi ya mnyanya huendelea kukua kwenye maji yenye sukari, madini na hamira. Leo Korea Kusini hukuza mizizi ya ginseng, mmea wa dawa, kwenye matangi, bila jani hata moja. Huko IBA huachwa majini, kwa sababu wanachotaka ni vimizizi vipya kila mara, si mche wa kupanda.

Arekebishe basi, na aongeze alichosahau: tawi likishachovywa likung'utwe, na shimo litobolewe kwanza kwa kijiti ili udongo usiupanguse unga.

Mama wa kitalu,
msomaji wenu