Mkanda ndio unaobeba, si kamba

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba sidiria inakuachia alama mabegani; usizilaumu kamba. Mzigo hubebwa zaidi na mkanda unaozunguka kifua. Ukilegea, unapanda mgongoni, mbele panashuka, nawe unazidi kukaza kamba hadi zinakukata. Kwa hiyo kabla hujarudi soko la Kilombero kununua nyingine, jipime.

Azima tepu ya fundi cherehani, uilaze kwanza kwenye rula, maana tepu ya kitambaa iliyotumika sana huvutika na kudanganya. Siku zinazokaribia hedhi usipime, matiti huwa yamejaa. Vaa sidiria nyepesi isiyo na sponji, na baridi ya Arusha isikufanye upime juu ya sweta.

Simama mbele ya kioo, uzungushe tepu chini kabisa ya matiti. Geuka uangalie mgongoni kama imekaa usawa. Wengi hukosea hapo, nyuma imepanda nao hawaoni. Toa pumzi, kaza ibane bila kuumiza, soma kwa inchi. Tuseme umepata 33 na nusu: mkanda wako ni 34. Ukipata 33 kamili, jaribu 32 na 34. Wapo watakaokwambia uongeze inchi 4. Hiyo ni hesabu ya zamani, usiifuate; ndiyo inayomvalisha 36 msichana wa 32.

Kisha pima usawa wa chuchu, tepu iguse tu bila kubonyeza. Ukipata 37, toa 34, inabaki 3. Hiyo tofauti ndiyo herufi ya kikombe: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Basi wewe ni 34C. Titi moja likizidi jingine, na ni kawaida kabisa, fuata lililo kubwa.

Herufi haisimami peke yake. Kikombe cha 34C kinalingana na cha 36B na cha 32D. Muuzaji akikosa yako atakupa 36B na kukuapia ni ileile. Vikombe ndiyo, mkanda hapana. Angalia na lebo, nyingine huandika kwa sentimita: 75 ni sawa na 34, na 80 ni 36, lakini zenye vipimo vya Ufaransa huandika 90 kwa hiyohiyo 34.

Sokoni mara nyingi hakuna pa kujaribia, kwa hiyo nenda na tepu. Ulaze mkanda wa sidiria mezani, uupime kutoka vishikizo vya mwanzo hadi mwisho, halafu uuvute. Kama bila kuvutwa tayari unafika 33 na nusu, kile kipimo chako cha chini ya matiti, hautakushika. Kama hata ukivutwa haufiki, utakubana mbavu. Za mtumba usiziguse, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku nguo za ndani zilizotumika, na lastiki yake imeshachoka hata hivyo.

Ukifika nyumbani usikate lebo. Funga safu ya vishikizo iliyolegea kuliko zote; zile za ndani ni akiba ya siku lastiki itakapolegea. Inama kidogo, ingiza mkono, usogeze titi lote kutoka kwapani liingie kikombeni. Likimwagika juu au pembeni, kikombe ni kidogo. Kikikunjamana, legeza au kaza kamba kwanza, kisha ndiyo useme ni kikubwa. Waya ukae kwenye mbavu, usikanyage titi, na kile kipande cha katikati kilale kifuani. Inua mikono: sidiria ikipanda nayo, shuka mkanda mmoja na uongeze herufi moja, yaani kutoka 34C kwenda 32D. Hapo ndipo wengi hupunguza mkanda wakasahau kikombe.

Bado unakua, kwa hiyo rudia kipimo kila baada ya miezi michache. Nijibu kwa namba zote mbili, ya chini ya matiti na ya kifua, usiniandikie herufi tu.

Mama yako