Scovia, usiweke sahihi kwanza

Scovia dada yangu,

Salamu nyingi, mama anaendeleaje na miguu? Huku Arua sisi wazima, jua tu ndio kali. Mesej yako ya huo mkopo imenikosesha usingizi, nikaona bora niandike, kwenye simu huwa unanikata katikati.

Unasema milioni moja, riba asilimia 10 kwa mwezi, na yule bwana kakwambia "ni elfu mia tu". Elfu mia tu ni mwezi wa kwanza dada. Usipolipa, mwezi wa pili ile asilimia 10 inapigwa juu ya 1,100,000, deni linakuwa 1,210,000, wa tatu 1,331,000, na hapo bado mtu anaona mambo ya kawaida. Kumbe riba imeanza kuzaa riba. Mwezi wa nane umeshapita milioni mbili, mwaka ukiisha unadaiwa zaidi ya 3,130,000. Wangekuwa wanahesabu kwenye ile milioni ya mwanzo peke yake, ingekuwa 2,200,000. Hiyo karibu milioni nzima ya katikati ndiyo iliyomfanya Mama Fiona auze friji, na alikuwa mtu makini yule, wewe unamjua.

Si mmekulia hapo Jinja mkisimuliwa gugu maji la miaka ya 90, lilivyoziba bandari ya Port Bell na kusumbua bwawa la Owen Falls hadi ikabidi mwaka 1995 waachie wadudu ziwani walile? Gugu likipata nafasi linajizidisha mara mbili ndani ya wiki chache tu. Siku unaona limefunika nusu ya ghuba, imebaki mara moja tu ijae yote. Deni ni hivyohivyo, linakutisha ukiwa umeshachelewa.

Kuna hesabu ya haraka, chukua 70 ugawanye kwa asilimia, unapata muda wa kitu kuwa mara mbili. 70 kwa 10 ni 7, yaani miezi 7 hivi. Hata sisi Waganda, sensa ya 2014 tulikuwa milioni 34.6, ya 2024 milioni 45.9, tunakua kama asilimia 2.9 kwa mwaka, yaani miaka 24 hivi tunakuwa mara mbili, na 2.9 mtu akiisikia anaona ndogo.

Lakini kama ni lazima ukope, ifanye hesabu hiyohiyo ikusaidie. Kila mwezi lipa nusu ya linalodaiwa. 1,100,000 unalipa nusu inabaki 550,000, riba inaifikisha 605,000, unalipa nusu inabaki 302,500, mwezi wa tatu unabakiwa na 166,375. Linashuka haraka mwanzoni, baadaye polepole, sasa hicho kimkia kimalize chote usikiache. Shida ni ule mwezi wa kwanza, 550,000 ya kulipa unaitoa wapi, vitenge vitakuwa vimeuzwa kweli?

Na je, kwenye karatasi wameandika riba inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo au kwa salio lililobaki? Ukichelewa kuna faini? Odongo anajua, au umemficha tena? Kwa nini usiongee na sako, kile chama cha kuweka na kukopa cha pale sokoni, kwanza, wao si wanatoza kidogo? Nipigie picha hiyo karatasi yote, na nyuma pia, unitumie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Beatrice